Mpaka Zaïre Afunge

Mechi ilipokwisha kila mtu alibeba kiti chake akaenda kwake, na kiti kimoja kikabaki.

Ndiyo ilikuwa desturi ya mtaa ule wa wafanyakazi wa mgodi, Kolwezi, tangu Mwenze alipoleta televisheni nyumbani: unakuja kutazama na kiti chako kichwani, unaondoka nacho. Hakuna aliyewahi kusahau chake, maana wengi hawakuwa na kingine cha kukalia kesho yake. Fidélie, shemeji yake Mwenze, alikuwa akifagia maganda ya karanga alipofika kona ya karibu na mlango na kukuta kigoda kifupi cha mti mweusi. Kilikuwa kimelowa. Hakikulowa kama kitu kilichomwagikiwa na bia. Kililowa kama kitu kilichotolewa majini sasa hivi, na chini yake, kwenye saruji aliyoipiga deki yeye mwenyewe mchana, palikuwa na duara la tope la kijivu.

"Yaya," akamwita dada yake, "kiti hiki ni cha nani?"

Mianda alikuwa chumbani, mlango wazi, miguu imemvimba, tumbo la mwezi wa tisa limemlalia mapajani. Akacheka. "Cha, cha, cha! Tulituma mutoto ku universite, ametuletea cha-cha-cha. Sema 'kiti hii ni ya nani', batu basikie."

"Haya, ni ya nani?"

"Ya mutu mwenye alikalia. Atakuja kuchukua."

Fidélie akakitoa nje, akakiweka chini ya dirisha. Mikono yake ilibaki na harufu ya tope la ziwa, na ndani ya harufu hiyo nyingine, ya samaki aliyelala. Akanawa kwa sabuni, akanusa, akanawa tena. Alikuwa binti wa namna hiyo: akifunga mlango hurudi kuutikisa. Alisomea lugha chuo kikuu, Lubumbashi, na alikuwa amekuja kuishika nyumba mpaka dada yake ajifungue. Usiku huo alilala akiwapitia mmoja mmoja watu waliokuja, nani alikaa wapi, kwenye kiti gani. Wote aliwapata. Pale konani alikumbuka mgongo tu wa mwanamume, shati limemgandia.

Na jioni yenyewe ilikuwa imeanza kwa raha. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, na Zaïre ilikuwa inacheza Kombe la Dunia huko Ujerumani. Mtaa mzima ulikuwa hausemi kingine. Tabu ilikuwa picha. Televisheni ya Mwenze ilionyesha chembe tupu, kama unga unaopepetwa, mpaka akasema antena inataka mti mrefu. Mwenze alikuwa fundi wa umeme, na kazi ilimpeleka mara kwa mara kwenye bwawa la Nzilo. Siku moja akarudi na mti mrefu, mnyoofu, na kitambaa cheupe mfukoni.

"Umeutoa wapi?" Mianda alimuuliza.

"Pembeni ya maji. Ulikuwa umesimikwa pale, na hiki kitambaa juu yake. Bavuvi banasema kuna mutu alizama, hawakumupata. Basi babo baliweka mti aone njia ya kutokea."

"Na weye ukaung'oa?"

"Mutu amekufa, Mianda. Atafanya na mti nini? Ataangalia mechi?" Akatoa kile kitambaa, akafutia nacho kioo cha televisheni.

Akaifunga antena juu ya ule mti, na picha ikaja safi hata ukaona nyasi. Basi siku ya mechi ya kwanza, jua likizama, watu wakaanza: "Odi! Odi!" Mwenze, chupa mkononi, akasimama kizingitini akapaza sauti: "Ingieni! Musipige odi, leo mulango ni ya bote!" Jirani yao Ngeleka, karani, Mkasai kama Mianda, mtu wa mdomo mrefu, akaingia na kiti chake akalitazama lile tumbo.

"Muanetu Mianda, usituletee mambo. Huyu akitoka katikati ya mechi, mi sibebi mutu ku hospitali."

Mwenze akamvuta mkewe pale kizingitini, akaweka kiganja juu ya tumbo, akainua mkono wa pili kama mtu anayekula kiapo mbele ya bendera. "Huyu? Huyu hatatoka mpaka Zaïre afunge!"

Watu wakapiga makofi. Fidélie alijua watamcheka, lakini alishindwa kunyamaza. "Ifunge, shemeji. Nchi si mtu. Mwenye kusemwa 'afunge' ni Zaïre huyu." Akamtikisa mtoto aliyempakata.

Maana nyumba ile ilikuwa na Zaïre wake. Mtoto wa kwanza wa Mwenze, msichana, alizaliwa juma lile lile redio ilipotangaza jina jipya la nchi, na baba yake kwa furaha akampa lile lile.

"Afunge, ifunge, ni moja tu," alisema Mwenze. "Kiswahili ya Kolwezi haina adabu. Mwenye kusikia atasikia."

Hapo nyuma yake, gizani, mtu mmoja akapiga hodi. Sauti ilikuwa ya chini, nzito, kama ya mtu mwenye maji mdomoni. Mwenze hakugeuka; wachezaji walikuwa wanaingia uwanjani.

"Karibu, ingia, kaa."

Zaïre ilifungwa mabao mawili, haikupata kitu. Watu walisema si vibaya kwa mara ya kwanza. Wakabeba viti vyao.

Asubuhi kigoda kilikuwa kimerudi konani, kinachuruzika. Mwenze alidhani ni mzaha wa Ngeleka. Akakipasua kwa shoka, akakitia chini ya sufuria. Hakikushika moto, kilitoa moshi mzito wa samaki uliowatoa watu jikoni, na jioni kikawa konani kizima, bila alama ya shoka. Tangu hapo Mwenze akaacha kukitaja. Alikizunguka tu akipita, kama mtu anavyozunguka miguu ya mgeni aliyeketi.

Mtoto Zaïre hakukizunguka. Alikaa karibu nacho, akakimegea ugali, akakiwekea tonge juu. Tonge lilipotea.

Jioni moja Fidélie alikuwa akimsuka, mtoto yuko kati ya magoti yake, wote wawili wameielekea televisheni. Ilikuwa imezimwa. Kioo kile cheusi, chenye tumbo, kilionyesha sebule nzima imepinda na kuwa ndogo: kitambaa cha meza, taa, wao wawili. Mtoto akainua mkono akapunga.

"Unapungia nani, mama?"

"Tata wa maji."

"Baba wa maji? Yuko wapi?"

"Nyuma yako, Tantine. Anakuangalia nywele."

Fidélie hakugeuka mara moja; macho yake yalikuwa kwenye kioo, na ndani ya kioo, katika kona ya mlango, juu ya kile kigoda, aliketi mwanamume, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kichwa kimeinama mbele kidogo kama mtu aliyewahi kufika na sasa anangoja waanze. Alipogeuka kigoda kilikuwa kitupu. Lakini matone yalikuwa yanaanguka sakafuni, moja, kisha lingine, na yalikuwa yanaanzia hewani, pale ambapo kiwiko cha mtu aliyeketi kingekuwa.

"Usimuogope," alisema mtoto. "Ye anataka tu kutoka."

Siku za Mianda zilifika zikapita. Tumbo likawa gumu kama kibuyu. Usiku wa mechi ya pili watu walikuja wengi kuliko mara ya kwanza, wakajaa hadi barazani, na ingawa walibanana bega kwa bega hapakuwa na mtu aliyekaa kwenye ile kona, na hapakuwa na aliyeuliza kwa nini. Mianda alikuwa kwenye kiti chenye mito, mbele kabisa; alikataa kubaki chumbani peke yake.

Wayugoslavia wakafunga.

"Tumefungwa," alisema Ngeleka, na Mianda akashika tumbo.

"Ni uchungu, yaya?"

"Ni uchungu, lakini si ya kusukuma. Ni kama mutu anakaza kamba."

Wakafunga la pili, na kamba ikakazwa. La tatu likaja, na Mianda akainama akauma kanga yake, na nyuma yake wanaume wakapiga mapaja yao kwa hasira ya mpira. La nne likaja na watu wakaanza kucheka, kile kicheko cha watu walioona aibu mpaka ikawa mchezo, na kila mara mmoja wao aliposema tumefungwa, tumefungwa tena, jamani tumefungwa, Fidélie aliliona tumbo la dada yake likijivuta upande mmoja kama gunia linalofungwa mdomo, na akapiga kelele kwamba wanyamaze, wazime, watoke, na hakuna aliyemsikia kwa sababu kicheko kilikuwa kimekuwa kikubwa kuliko vinywa vilivyomo chumbani, kulikuwa na kicheko kingine chini yake, cha kububujika, kinatoka kwenye kona, na mtoto Zaïre, aliyeketi sakafuni kando ya kigoda, alikuwa akicheka nacho, kwa mwendo mmoja nacho, akishika pumzi kinaposhika. Mabao yakafika tisa. Mianda alikuwa hawezi tena kulia.

"Madame amesikitika kupita siye," Ngeleka alisema akibeba kiti chake. "Ndiye mzalendo wa kweli."

Usiku huo huo Mwenze alimpeleka hospitali kwa gari la jirani. Mianda alipovuka tu geti la hospitali, uchungu ukakoma kama taa inavyozimwa. Muuguzi alimpima, akasikiliza, akasema moyo wa mtoto unapiga vizuri, mlango wa uzazi bado umefungwa, warudi Jumatatu daktari atakapokuwapo. Aliporudi na kukanyaga kizingiti cha nyumba yake, Mianda akaanguka kwa magoti.

Mwenze aliushusha mti wa antena, akaurudisha Nzilo, akausimika mahali pake, akafunga kitambaa juu yake. Mvuvi mmoja alikuwa anaangalia. Mwenze alirudi kijivu usoni, akawaambia maneno ya mvuvi yule: "Anasema, 'Mti umerudisha, sawa. Ye mwenyewe umemuacha wapi?'"

Televisheni, bila antena, iliendelea kuonyesha picha safi.

Ndipo wakamwita Mama Mbelu, mkunga wa mtaa, aliyempokea Zaïre alipozaliwa. Hakuleta dawa. Aliweka sikio tumboni, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akanong'ona, bila kutazama kona:

"Nani alisema neno?"

Mama Mbelu akarudisha sikio tumboni.

"Kuna mutu alitia mukono hapa, akasema neno ku mulango. Ku mulango, mbele ya batu. Mi nasikia kamba yake. Nani?"

Mwenze akajifunika uso. "Ilikuwa mchezo, Mama."

"Weye ulikuwa unacheza. Kulikuwa na mwenye alikuwa hachezi." Akamwamuru arudie, neno kwa neno, na Mwenze akarudia, akilia. Mama Mbelu akatikisa kichwa. "Basi njo hivyo. Ulifunga kamba mwenyewe, ukamupa mugeni ashike mwisho yake. Mi siwezi kukata. Itafunguka na kile ulisema."

"Na kama hatutashinda?"

"Hukusema kushinda. Ulisema kufunga. Bao moja tu, tata. Omba."

Jumamosi walicheza na Brazil. Kulikuwa bado na mwanga nje; watoto walikuwa wakikimbiza tairi barabarani. Safari hii Mwenze alifunga mlango, majirani wakabaki nje na viti vyao, wakitukana. Ndani walikuwa Mwenze, Fidélie, Mama Mbelu, mtoto, na Mianda aliyelazwa kwenye godoro mbele ya televisheni, midomo imemkauka, macho yake hayaondoki kwenye ule mpira. Mwenze alikuwa amepiga magoti. Hakuwahi kuomba hivyo kanisani. Kila Zaïre ilipovuka nusu ya uwanja alisema, "Moja, Bwana. Moja tu, hata ya mukono," na kila mpira uliporudishwa Mianda alitoa sauti ndogo, kama kuku anayeminywa.

Brazil wakafunga. Wakafunga tena. Karibu na mwisho wakafunga la tatu, na filimbi ikalia, na wale vijana wa nguo za kijani wakatoka uwanjani vichwa chini. Hapakuwa na mechi nyingine. Mwenze alizima televisheni, akalikumbatia kasha lake la mbao, akaligonga kwa paji la uso.

"Anakwenda," Mama Mbelu alinong'ona. Vidole vyake vilikuwa shingoni mwa Mianda. "Bote wawili banakwenda."

Na Fidélie, aliyezoea kurudi kutikisa mlango aliokwisha kuufunga, alirudi kwenye lile neno akalitikisa. Afunge. Hakusema ifunge. Alikuwa amemsahihisha mwenyewe, mbele ya watu wote, na alikuwa sahihi.

"Alisema afunge," akasema, na sauti yake ikapanda. "Shemeji, ulisema a-funge! Hiyo si nchi. Huyo ni mtu. Zaïre ni mtu, yuko hapa! Mleteeni mpira!"

Walimtazama kama mwenda wazimu, kisha Mama Mbelu akaelewa, akaachama. Fidélie alivua kilemba chake, akakivingirisha na matambara ya mtoto atakayezaliwa, akakaza kwa uzi mpaka kikawa mpira. Goli likawa kati ya kigoda na mwimo wa mlango. Hakuthubutu kukisogeza kile kigoda. Alimsimamisha mtoto katikati ya sebule, akapiga magoti nyuma yake, akayashika mabega yale madogo.

"Piga, mama. Pale, kwa Tata wa maji. Uingie goli."

"Ye anasema nipige?"

"Mimi ninasema. Piga."

Zaïre alipiga. Mpira wa matambara ulienda polepole, ukayumba, ukapita kati ya kigoda na mwimo na kugota ukutani. Ndani ya televisheni iliyozimwa umati mkubwa ukapiga kelele, mara moja, kisha kimya.

"Sema kwa nguvu asikie! Sema: nimefunga!"

"Nimefunga," alisema mtoto.

Maji yakapasuka chini ya Mianda, yakalowesha godoro, na akapiga ukelele ambao hawakuwa wameusikia kwake tangu mechi ya pili, ukelele wa mtu mwenye nguvu. Mama Mbelu akacheka kwa sauti. "Inafunguka! Tata, mubebe, chumbani, mbio!" Mwenze akambeba. Fidélie alikuwa ameshashika beseni na taa ya mafuta, mguu mmoja chumbani, aliposikia nyuma yake sauti ndogo, ya mtoto, ikiuliza kwa upole, na haikuwa ikimuuliza yeye:

"Na macho pia?"

Alisikia. Baadaye hakuweza kusema kwamba hakusikia. Lakini Mianda alimwita kwa jina, mtoto mchanga alikuwa ameonyesha utosi, na Fidélie aliingia chumbani akasukuma mlango kwa kisigino.

Haikuchukua muda. Mtoto mchanga aliteleza kama samaki, wa kiume, mzima, akalia mara moja. Mianda alikuwa hai. Mianda alikuwa anaomba chai. Fidélie alikuja sebuleni mikono ina damu na uso umejaa machozi ya furaha, akisema, "Zaïre, mama, njoo uone ndugu yako, umemfungulia ndugu yako..."

Zaïre alikuwa ameketi juu ya kigoda, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Alikuwa amefunga macho. Nywele ambazo Fidélie alikuwa amezisuka zilikuwa zinachuruzika, gauni limemgandia kifuani, na Fidélie alipomgusa bega kichwa kikaanguka mbele, na kutoka mdomoni mwake yakatoka maji mengi ya kijivu, yenye mchanga, yakaenea kwenye saruji kavu mpaka yakagusa mpira wa matambara.

Mwenze alikuwa amesema afunge. Hakusema afunge nini. Na Fidélie, aliyesahihisha kila neno la kila mtu, hakuwa ameuliza.

Akainua macho. Katika kioo cha televisheni sebule ilikuwa imepinda na kuwa ndogo: taa, meza, yeye mwenyewe amepiga magoti. Konani, juu ya kigoda, mtoto Zaïre alikuwa macho, ameinua mkono, anampungia. Mwanamume hakuwapo. Fidélie alimtafuta kila pembe ya kioo, hakuwapo.

"Fidélie." Ilikuwa sauti ya Mama Mbelu, kutoka chumbani, ya chini sana, ya mtu asiyetaka wengine wasikie. "Kuya kwanza, mwanangu. Huyu mutoto hapana kulia tena. Anaangalia mulango."

Fidélie akavuta pumzi ili aite, na hapo akagundua kwamba harufu ya tope haikuwa tena sebuleni. Ilikuwa inatoka chumbani kwa dada yake, na Mianda alikuwa anaiimbia ilale.